Nguvu ya Kioo cha Simu Iko Usoni

Hotuba kwa mafundi simu na wanafunzi wa ufundi wa elektroniki

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu, mafundi wenzangu na wanafunzi,

Hakuna fundi simu ambaye hajaletewa lalamiko hili: simu imeanguka mara nyingi tangu inunuliwe, imeanguka sakafuni, imeanguka kwenye ngazi, haikupata hata alama, kisha siku moja ikateleza kutoka kwenye kochi, mahali pasipofika hata nusu mita, na kioo kikapasuka kutoka pembe hadi pembe. Mteja huona ameonewa. Hudhani aliuziwa simu yenye kioo bandia, au kwamba sifa zote zilizotangazwa juu ya kioo hicho zilikuwa maneno ya biashara tu. Nimeombwa nizungumzie kioo kilichoimarishwa cha simu janja na uimara wake, nami nimeona niyajenge maelezo yangu juu ya lalamiko hilo, kwa sababu katika visa vingi kioo hakikuwa bandia. Kilikuwa kimepoteza kinga yake taratibu kwa mikwaruzo midogo ambayo mwenye simu hakuihesabu kuwa madhara, na anguko la mwisho lilikamilisha kazi iliyokwisha kuanza.

Inatubidi tuanze na kioo chenyewe kabla hakijaimarishwa. Kioo cha kawaida cha dirisha, na chupa ya soda vilevile, hutokana na mchanga wa silika, magadi na chokaa vilivyoyeyushwa pamoja. Vifungo vinavyoshikanisha silikoni na oksijeni ndani yake ni imara mno, kiasi kwamba kwa hesabu ya vifungo hivyo peke yake kioo kingelishinda chuma. Kwa nini basi kinavunjika kirahisi hivyo? Jibu lilitolewa na mhandisi Mwingereza, A. A. Griffith, aliyekuwa akifanya utafiti wa ndege huko Farnborough, katika makala iliyochapishwa na Royal Society ya London mwaka 1921. Alivuta nyuzi za kioo, kila mara nyembamba zaidi, akaona kwamba kadiri uzi unavyopungua unene ndivyo kila sehemu ya eneo lake inavyostahimili mzigo mkubwa zaidi. Alieleza kwamba kioo kina nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na kwamba nguvu yoyote inayokivuta hukusanyika kwenye ncha ya ufa, mahali penye upana wa atomi chache tu, ikawa kubwa mara nyingi kuliko ilivyo kwingineko. Chuma kikifikwa na hali hiyo hulegea kidogo penye ncha ya ufa, na kule kulegea huuzuia ufa usiendelee. Kioo hakina uwezo wa kulegea, na ufa ukishaanza kukimbia hausimami.

Mafundi wa vioo vya madirisha wanaijua habari hii kwa mikono yao. Hawakati kioo kwa kukipasua unene wote; hupitisha kikatio mara moja juu yake, mkwaruzo mwembamba tu, kisha wakakikunja kidogo, nacho kikaachana kwenye mstari uleule. Unene wa kioo haukubadilika, na mkwaruzo haukufika hata sehemu ya kumi ya unene huo, lakini nguvu yake yote imeondoka. Naomba mfano huu wa kikatio mwende nao katika hotuba yote, maana chembe ya mchanga ndani ya mfuko wa suruali hufanya kazi ileile, pasipo rula na pasipo mwenye simu kujua.

Lipo jambo jingine la msingi. Kioo hakivunjiki kwa kubanwa, huvunjika kwa kuvutwa. Ukikikunja, upande mmoja hubanwa na upande wa pili huvutwa, na ufa huanzia upande unaovutwa. Kwa hiyo anayetaka kioo chenye nguvu hana haja ya kuziondoa nyufa zote, kazi ambayo hata hivyo haiwezekani, kwa sababu kukigusa tu kioo kwa kitu kigumu huzaa nyufa mpya. Anachohitaji ni kuubana uso wa kioo daima, ili nyufa zilizopo zifungwe, na ili nguvu yoyote ya kukivuta ilazimike kwanza kuushinda ule mgandamizo kabla haijaanza kuufungua ufa hata mmoja. Kuimarisha kioo ni jambo hilo hilo, kwa njia yoyote litakayofanywa.

Njia ya zamani ni ya moto na upepo. Mwaka 1874 Mfaransa François de la Bastie alipata hataza ya kuimarisha kioo kwa kukipasha moto na kisha kukipoza ghafla. Siku hizi kioo hupashwa hadi zaidi ya nyuzi joto 600 za selsiasi, kikapulizwa hewa baridi pande zote. Uso huganda kwanza, sehemu ya ndani hupoa baadaye na kutaka kunywea, na katika kunywea huko huuvuta na kuubana uso. Vioo vya pembeni vya magari hutengenezwa hivyo, na ndiyo sababu vikivunjika humwagika vipande vidogo vidogo. Lakini njia hiyo inahitaji kioo chenye unene wa kutosha ili ndani na nje vitofautiane joto. Kioo cha simu kina unene wa chini ya milimita moja. Kingepoa chote kwa pamoja, na mgandamizo wenye maana usingepatikana.

Kwa simu, basi, ilibidi itumike kemia. Kioo chenye sodiamu huzamishwa kwa saa kadhaa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa, kwenye joto la nyuzi 400 hivi. Chumvi hiyo ni nitrati ya potasiamu, ileile inayotumika kama mbolea. Kwenye joto hilo kioo hakiyeyuki, lakini ioni za sodiamu, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zilizo karibu na uso hupata nafasi ya kutoka na kuingia katika chumvi, na ioni za potasiamu huingia mahali pake. Ioni ya potasiamu ni kubwa kuliko ya sodiamu kwa takriban theluthi moja. Fikirini daladala iliyojaa, ambamo abiria wembamba wa viti vya pembeni wameshuka mmojammoja na kila kiti kikakaliwa na mtu mnene: hakuna kiti kilichoongezwa, lakini sasa wote wamebanana na hakuna anayeweza kusogea. Kioo kikipoa, uso wake hubaki umebanwa hivyo kwa mgandamizo unaoweza kufika megapaskali 800, yaani karibu mara 8000 ya kanieneo ya hewa tunayoivuta.

Mgandamizo huo, ndugu zangu, una kina kidogo sana. Katika vioo vya simu vya miaka ya mwanzo tabaka lililobanwa lilikuwa na mikrometa 40 au 50 hivi, pungufu ya unene wa unywele wa kawaida. Chini ya tabaka hilo kioo hakibanwi tena. Kinavutwa, kwa sababu mgandamizo wa pande mbili za nje lazima usawazishwe na mvutano wa katikati. Hapo ndipo lilipo jibu la lalamiko la mteja wetu. Mkwaruzo unaoishia ndani ya tabaka lililobanwa unaweza kukaa miaka bila madhara makubwa. Mkwaruzo unaolipita tabaka hilo unaingia katika eneo ambalo tayari linavutwa, na toka siku hiyo simu inasubiri msukumo mdogo tu.

Niruhusuni nieleze kidogo jinsi kioo hiki kilivyopatikana, kwa sababu historia yake inawafaa wanafunzi walio hapa. Kampuni ya Corning, yenye makao katika mji wa jina hilo jimboni New York, ndiyo iliyotengeneza maganda ya kioo ya taa za Thomas Edison. Mwaka 1952 mtafiti wake, Donald Stookey, aliweka kipande cha kioo katika tanuri kwa nia ya kukipasha hadi nyuzi 600, lakini kidhibiti cha tanuri kiliharibika na joto likafika 900. Alitarajia kukuta kimeyeyuka. Alikuta kipande cheupe kisicho angavu, ambacho alipokitoa kilimponyoka kikaanguka sakafuni, na hakikuvunjika. Ndani ya kioo kile fuwele ndogo ndogo zilikuwa zimeota, zikawa kizuizi kwa nyufa. Ndivyo kilivyozaliwa kioo-kauri, ambacho kampuni hiyo ilikitumia katika vyombo vya kupikia.

Miaka michache baadaye Corning ilianzisha mradi wa kutafuta kila njia ya kukipa kioo nguvu, na mwaka 1962 ikatangaza kioo kilichoimarishwa kwa kubadilishana ioni, kikaitwa Chemcor. Mwaka huohuo Samuel Kistler, mkemia Mmarekani, alichapisha makala yake kuhusu mkazo unaotokea katika kioo ioni zinapobadilishana, nayo ikawa msingi ambao wanasayansi wa vioo huurejea hadi leo. Watafiti wa Corning walikuwa wamegundua kwamba kuongeza oksidi ya alumini katika mchanganyiko huzipa ioni njia pana zaidi za kupita, hivyo mgandamizo hufika mbali zaidi kuliko katika kioo cha dirisha. Kitu kilikuwa kizuri, ila hakikupata wanunuzi. Walikijaribu kwenye vioo vya magari na kwenye miwani, na kufikia mwaka 1971 kazi hiyo ilisimamishwa. Maarifa yalikaa katika makabrati kwa zaidi ya miaka 30.

Yaliamshwa na simu. Januari 2007 Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, alipoionyesha hadharani iPhone ya kwanza, uso wake ulikuwa wa plastiki, nayo ilikuwa imekwaruzwa na funguo zilizokaa nayo mfukoni. Apple iliamua kutumia kioo, na simu ilitakiwa madukani mwezi Juni mwaka huohuo. Corning ilikigeuza kiwanda chake cha Harrodsburg, jimboni Kentucky, kilichokuwa kikitengeneza vioo vya skrini za kompyuta, kikaanza kutoa kioo kilichopewa jina la Gorilla Glass. Namna ya kukimimina nayo ilikuwa ya tangu miaka ya 1960: kioo kilichoyeyuka hujazwa katika mfereji hadi kinafurika pande zote mbili, kikateremka kuta zake na kuungana chini kuwa karatasi moja inayoning'inia hewani, ambayo nyuso zake mbili hazikuguswa na chochote tangu zilipozaliwa. Kwa kuwa tumeona kwamba nguvu ya kioo iko usoni, mtaelewa kwa nini napendezwa sana na mfereji huo. Leo Corning haiko peke yake. AGC ya Japani na Schott ya Ujerumani nao wanatengeneza vioo vya namna hii, na simu nyingi za bei ya kati zinavitumia.

Turudi kwenye mikwaruzo. Mtaalamu wa madini Friedrich Mohs aliweka mwaka 1812 kipimo cha ugumu cha ngazi 10, kuanzia ulanga hadi almasi, na kila kitu kilicho juu huweza kukikwaruza kilicho chini yake. Kioo cha simu kiko baina ya 5.5 na 6.5. Sarafu na funguo za kawaida ziko chini ya hapo, kwa hiyo wanaoonyesha kwenye video kwamba funguo haikuacha alama wanaonyesha jambo la kweli, ila halina uzito. Adui wa kioo ni kwatzi, madini yanayofanya sehemu kubwa ya mchanga wa mitoni, mchanga wa kujengea na vumbi la nchi za mawe ya graniti kama Dodoma na Singida. Kwatzi ina ugumu wa 7. Hakuna kioo cha simu kinachouzwa leo ambacho mchanga huo haukikwaruzi, na mchakato wa kuimarisha haukibadilishi sana kiwango hicho cha ugumu. Unachobadilisha ni madhara ya mkwaruzo baada ya kutokea. Ajabu ni kwamba mchanga mweupe wa fukwe nyingi za mashariki mwa Unguja, kwa kuwa umetokana na matumbawe na viumbe vya baharini vyenye chokaa, ni laini kuliko kioo, na simu iliyodondoka pale ina bahati kuliko iliyobebwa katika mfuko wa suruali ya mtu aliyeshinda kwenye eneo la ujenzi.

Kuanguka nako kuna aina zake. Simu inayoanguka kutoka mita moja hufika chini ikiwa na mwendo wa mita 4.4 kwa sekunde. Ikitua bapa juu ya vigae laini, kioo hupinda, na kama kina mkwaruzo mrefu upande unaovutwa, ufa huanzia hapo. Ikitua juu ya kokoto au zege lenye ncha, hali ni nyingine kabisa: nguvu yote huingia kupitia ncha moja ndogo inayoweza kulitoboa tabaka lililobanwa kwa pigo moja, hata kama kioo ni kipya kabisa. Pembe za simu ndizo hatari zaidi, kwa kuwa fremu hupinda na kukibana kioo ukingoni, na ukingo ndio uliokatwa na kusagwa kiwandani. Kwa sababu hiyo kioo cha simu hukatwa na kutobolewa kwanza, kisha ndipo kinazamishwa katika chumvi, ili kingo nazo zipate mgandamizo.

Watengenezaji wamejitahidi kulitatua tatizo la kina. Katika vioo vya miaka ya karibuni mchanganyiko huwekwa lithiamu, ambayo ioni yake ni ndogo kuliko ya sodiamu. Sodiamu ikachukua nafasi ya lithiamu ndani zaidi, na potasiamu ikachukua nafasi ya sodiamu karibu na uso. Kwa njia hiyo mgandamizo hushuka hadi kina cha zaidi ya mikrometa 100. Ndiyo maana madai yamekuwa yakipanda: mwaka 2016 Corning ilisema toleo lake la tano linapona hadi asilimia 80 ya maanguko ya kifudifudi kutoka mita 1.6, na mwaka 2020 ikasema toleo la Victus linahimili hadi mita 2. Mwaka huo wa 2020 pia Apple ilianza kutumia kioo chenye fuwele ndani yake katika iPhone 12, yaani kioo-kauri kilichotengenezwa kwa ustadi wa kutosha kubaki angavu. Nayaamini maendeleo hayo. Hata hivyo, nionavyo mimi, tangazo linalotaja urefu wa anguko bila kutaja hali ya uso wa kioo halijamwambia mnunuzi lile analolihitaji zaidi, kwa sababu simu ya mnunuzi itaanguka mwezi wa nane au wa kumi na nne tangu inunuliwe, ikiwa imekwisha kukwaruzwa.

Kuna kitu kingine kinachofanya kazi polepole, nacho ni unyevu. Mvuke wa maji ulio hewani huingia kwenye ncha ya ufa unaovutwa na kuvishambulia vifungo vya silikoni na oksijeni, hivyo ufa hurefuka kidogo kidogo. Kioo chenye alama ya ufa pembeni, ambacho mwenye simu amekiacha kwa kuwa tachi bado inafanya kazi, kinaweza kupasuka zaidi chenyewe kikiwa mezani.

Sasa niseme na mafundi na wauzaji, kwa kuwa hapa ndipo nilipo na uchungu. Protekta za kioo zinazouzwa madukani huandikwa 9H, na muuzaji humwambia mteja kwamba ni ngumu kama yakuti. Si kweli. Yakuti ina 9 kwenye kipimo cha Mohs. Ile 9H ni ya kipimo cha penseli, na maana yake ni kwamba penseli ngumu kuliko zote za jaribio hilo haikuacha mkwaruzo. Protekta yenyewe ni kioo, na mchanga huikwaruza kama unavyokikwaruza kioo cha simu. Faida yake ni halisi, lakini ni nyingine: hupokea mikwaruzo badala ya kioo cha simu, na ikipasuka, ufa hauvuki gundi kuingia chini. Protekta iliyokwaruzwa sana au yenye ufa imemaliza kazi yake na inapaswa kubanduliwa. Na mbele ya protekta ningetanguliza kava yenye ukingo ulioinuka, kwa sababu inakizuia kioo kisiiguse sakafu kabisa.

Wapo wanaosugua mikwaruzo kwa dawa ya meno. Dawa hiyo huondoa utando unaozuia mafuta ya vidole, na haina uwezo wa kuujaza mkwaruzo wa mchanga. Anayeamua kusaga kioo kwa mashine hadi mkwaruzo upotee hulipunguza tabaka lilelile lililobanwa, na kukiacha kioo kiking'aa huku kimedhoofika.

La mwisho ni kuhusu kubadilisha kioo. Katika simu nyingi za leo kioo, tachi na skrini vimegandishwa pamoja kwa gundi angavu, na mafundi wetu wamejifunza kuvitenganisha kwa joto na uzi mwembamba ili wabadilishe kioo peke yake, kazi inayompunguzia mteja gharama kubwa na inayostahili heshima. Lakini vioo vinavyoletwa kwa kazi hiyo havilingani. Vingine ni kioo cha kawaida cha magadi na chokaa, ambacho hata kikizamishwa katika chumvi ya potasiamu hupata tabaka jembamba tu la mgandamizo, na kwa macho hakitofautiani na kile cha asili. Mteja aliyewekewa kioo hicho akidhani amerudishiwa kile cha kiwandani ataitumia simu kwa mazoea yaleyale, na kitapasuka mapema. Ombi langu kwenu ni kwamba risiti ya kila simu inayobadilishwa kioo iandikwe wazi kioo kilichowekwa ni cha aina gani na kimetoka kwa nani, na kwamba fundi asiyejua aina ya kioo alichonacho amwambie mteja hivyo kabla ya kuifungua simu, ili bei wakubaliane wakiwa wote wanajua.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nipo tayari kupokea maswali.